Nywele za Bonge

Unywele mmoja ndani ya mkate unatosha kumfukuzisha mtu kazi, na Mama Bonge hakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia. Kwa miaka sita alikuwa akikanda unga katika kiwanda kidogo cha mikate nyuma ya stendi, kofia ya wavu ikiwa imembana mpaka imemchora mstari kwenye paji la uso. Jicho lake lilikuwa kali. Angeuona unywele kwenye donge la unga kutoka upande wa pili wa meza, akaunyofoa kwa kucha kabla msimamizi hajageuka. Ndiyo maana Jumapili ile, alipomlaza binti yake kifudifudi mapajani ili ampake mafuta, akaona weusi mwembamba umetambaa kutoka mabegani hadi kiunoni, hakupoteza muda kujidanganya kwamba ni kivuli cha pazia.

"Baba Bonge, hebu njoo uone."

Mumewe alikuja na mswaki mdomoni. Akainama, akaangalia, akamtekenya mtoto kwapani mpaka akacheka.

"Malaika hizo," alisema. "Kila mtoto anazo. Zitapukutika zenyewe."

"Za kuzaliwa nazo zilishapukutika. Hizi zinaota."

"Wewe na nywele, Mama Bonge. Ukimaliza kuzitafuta kwenye mikate unahamia kwa mtoto."

Mama Bonge akacheka, maana mumewe alijua kuchekesha, na kuchekesha ndiko kulikowalipia kodi ya nyumba. Alikuwa mshereheshaji. Akishika kipaza sauti kwenye harusi au mahafali, watu walisahau kwamba chakula kimechelewa. Kwa sababu ya ile sauti mji mzima ulimwita Kinanda. Alikuwa mtanashati hasa: suti imemkaa, viatu vinang'aa, kichwa kimejaa nywele fupi nyeusi zilizochongwa mstari ulionyooka. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo kichwa hicho kilikuwa kimeanza kumsaliti. Upara ulipiga hodi kwenye pembe mbili za paji la uso na utosini, palepale ulipomwanzia marehemu baba yake, na mshereheshaji mwenzake akamtania jukwaani, mbele ya bibi harusi, kwamba taa zipunguzwe kwani Kinanda amekuja na ya kwake. Watu walivunjika mbavu. Kinanda naye alicheka. Miezi michache baadaye nywele zilirudi, akasema amebadili kinyozi, na mkewe hakuona sababu ya kutilia shaka jambo dogo kama hilo.

Kilichompa Mama Bonge kiburi hasa ni jinsi mwanamume huyo alivyompenda mtoto. Yeye mwenyewe alitoka nyumbani kungali giza ili awahi zamu ya kwanza. Kazi za Kinanda zilikuwa za mchana na jioni, kwa hiyo asubuhi ilikuwa yake na Bonge. Alimwogesha, akamvisha, akampandisha mabegani, akampeleka kwa bibi yake mzaa baba, mitaa miwili mbele, ambako mtoto alishinda. Bonge, aliyepewa jina hilo kwa mashavu yake, alikuwa na miezi minane. Akiwa kule juu alimkumbatia baba yake kichwa kwa mikono yote miwili, akalaza shavu kwenye nywele, akawa anazilamba na kuzitafuna mpaka usingizi umchukue, mate yakimchuruzika baba wa watu mpaka kwenye kola. Majirani walitoka milangoni kuwaangalia. Wanawake wa kiwandani walimwonea Mama Bonge gere, naye hakuwazuia.

Wiki chache baada ya Jumapili ile, nywele zilikuwa zimefika usoni. Zilianzia kwenye mashavu, zikashuka mikononi, zikapanda kwenye paji la uso mpaka zikakaribia kukutana na nyusi. Zilikuwa nyeusi, laini, na hazikuwa za kujificha tena. Mwenye duka aliyezoea kumtania Bonge sasa alimhudumia mama yake haraka haraka bila kumtazama mtoto. Mama mmoja kwenye foleni ya maji alimvuta mwanawe pembeni. Mama Bonge alianza kumvisha binti yake kofia na mikono mirefu, jua linawaka, na mtoto akatoka vipele vya joto juu ya hayo mengine.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Kwetu hatuzai watoto wa manyoya," alisema siku moja mkwewe alipokwenda kumchukua mtoto. Alikuwa amemweka Bonge mapajani na kumfunua mkono kama anayekagua kitambaa dukani. "Mimi nimezaa watano, wajukuu ninao tisa. Sijaona kitu hiki. Huku kwetu hakijatokea."

"Na kwetu hakijatokea, mama."

"Basi ni maziwa yako. Kuna kitu kwenye maziwa yako. Unashinda kwenye joto la tanuri na moshi, unavuta unga, unakula nini huko sijui, halafu unakuja kumnyonyesha mtoto. Mwachishe uone kama hazitakoma."

Mama Bonge alimtazama mumewe, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni akipekua simu.  Mtu yule aliyeweza kuwatuliza watu mia tatu kwa neno moja alikuna kidevu, akasema bila kuinua macho, "Mama anasema kwa nia njema. Tujaribu tu. Si ana miezi tisa sasa? Uji anakula."

Wakajaribu. Kujaribu ni neno dogo, na aliyejaribu alikuwa mmoja tu. Matiti yalimjaa mpaka yakawa magumu kama mawe, akapata homa, akajifunga kifua kwa kitambaa, akaenda kazini hivyo hivyo kwa sababu mikate haisubiri kifua cha mtu. Mtoto akilia kwenye nyumba iliyo jirani na kiwanda, mtoto asiye wake, maziwa yalimtoka yakalowesha aproni. Msimamizi alimwambia akabadilishe, wateja wasione. Nyumbani Bonge alimvuta blauzi, akagonga kichwa kifuani pake, akalia mpaka sauti ikakauka, na mama yake akamgeuzia uso ukutani. Kinanda alichukua mto akahamia sebuleni, kwa kuwa kesho yake alikuwa na mahafali na sauti inahitaji usingizi. Mwezi haukuisha, maziwa yakakauka. Nywele ziliendelea kuota vilevile.

Hapo ndipo walipokwenda hospitali.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, asiye na haraka. Alimvua Bonge nguo zote, akampapasa tumbo, akamsikiliza moyo, akamtazama kila kona. Kisha akaanza kuuliza. Mtoto anapakwa mafuta gani? Anakunywa dawa yoyote? Kuna mtu kwenye ukoo mwenye hali hii? Mama anatumia krimu za kung'arisha ngozi? Mama Bonge alijibu moja baada ya jingine: mafuta ya watoto ya dukani, hapana, hapana, na yeye mwenyewe anapaka glisirini na losheni ya kawaida tu.

"Na hapo nyumbani, kuna anayepaka dawa ya kuotesha nywele? Ile ya maji, ya upara?"

Mama Bonge nusura acheke. Akamgeukia mumewe, kama vile mtu anavyomgeukia mwenzake wakiulizwa kama wanafuga simba.

"Hapana, daktari," alisema Kinanda. "Sisi ni watu wa sabuni na maji." Akatabasamu lile tabasamu lake la jukwaani, daktari naye akatabasamu. Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, "Ila mama yake ana vikrimu vyake vingi kidogo. Sijui vina nini ndani."

Daktari akarudisha macho kwa Mama Bonge. Akaandika. Jioni hiyo Mama Bonge alijaza mfuko wa plastiki kila alichokuwa nacho, losheni, glisirini, mafuta ya midomo, hata poda aliyopewa na dada yake siku ya harusi, akatupa jalalani. Mikono yake ikaanza kupasuka kwa unga na chachu, na akaona ni haki yake, kwamba mama mwenye sumu mwilini hastahili mikono laini.

Walimtoa Bonge damu. Mshipa ulikataa kuonekana, wakamchoma mkono wa kulia, wakamchoma wa kushoto, wakaja kuupata mguuni, na aliyemshikilia asifurukute alikuwa mama yake, baba mtu akiwa nje anapokea simu. Majibu hayakuonyesha kitu cha kushika. Daktari akasema isije ikawa kuna uvimbe kwenye vitezi vilivyo juu ya figo, vile vinavyoweza kumwotesha mtoto nywele, kwa hiyo lazima apigwe picha kwenye mashine kubwa. Mashine hiyo haitaki mtu ajitikise, na mtoto wa umri huo hawezi kuambiwa atulie. Angechomwa dawa ya usingizi. Wakapangiwa Alhamisi.

Mama Bonge hakulala vizuri tangu siku hiyo. Kiwandani kulikuwa na mwanamke ambaye mpwa wake aliwahi kuchomwa dawa ya usingizi kwa ajili ya jino, na alipenda kusimulia ilivyokuwa, na kila aliposimulia Mama Bonge alihamia meza ya mbali. Uvimbe.  Alikuwa akikanda unga huku akimwomba Mungu kwa sauti ya chini, akitaja dhambi zake zote, na nyingine akazitunga, ili tu apate sababu.

Jumanne tanuri liligoma. Fundi wa umeme alifungua kifuniko, akatikisa kichwa, na mikate iliyokuwa imeumuka ikaanza kunywea kwenye trei mbele ya macho yao. Msimamizi aliwaambia waende nyumbani. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Mama Bonge alitembea haraka, akifurahi kwamba leo atamwogesha mwanawe mwenyewe.

Alipofungua mlango alisikia mumewe anaimba. Mlango wa bafuni ulikuwa wazi. Bonge alikuwa ndani ya beseni kavu sakafuni, amevaa nepi tu, anatafuna kitana. Kinanda alikuwa mbele ya kioo, kifua wazi. Kwa mkono mmoja alikuwa anagawanya nywele kwa ncha ya kidole, kwa mwingine ameshika kichupa chenye mpira wa kuminya, anadondosha matone ya maji maji kwenye ngozi ya kichwa, mstari baada ya mstari, taratibu, kwa uangalifu ambao mkewe hakuwahi kumwona nao kwenye kazi yoyote ya mikono. Harufu ya spiriti ilijaa bafuni. Ile ile aliyozoea kuisikia kwenye foronya, ambayo mumewe alimwambia ni manukato ya kazini.

Alipomaliza alikisugua kichwa kwa vidole vyote kumi. Akafunga kichupa. Halafu, bila hata kugusa bomba la maji, akainama, kwa vidole vile vile akamshika Bonge chini ya makwapa, akampandisha mabegani. Mtoto akakumbatia kichwa kilicholowa. Akalaza shavu. Akafungua mdomo.

Kinanda akanyanyua macho kwenye kioo ajitazame, akamwona mkewe.

Wimbo ulikatika. Bonge aliendelea kunyonya.

"Nini hiyo?" aliuliza Mama Bonge.

"Manukato."

"Nakuuliza tena. Nini hiyo?"

Akamtoa mtoto mabegani kwa kumpokonya. Akafungua bomba, akachukua sabuni, akaanza kumwosha uso, mdomo, ulimi, mikono, kila kidole. Mtoto akapiga kelele. Mama Bonge akarudia upya kidole cha kwanza. Nyuma yake Kinanda alikuwa ameshaanza kuongea, maana kuongea ndiyo kazi yake.

"Ni dawa ya kawaida tu, Mama Bonge. Inauzwa dukani kabisa. Watu wanaitumia dunia nzima. Unajua kazi yangu ni sura. Nani atamwita mshereheshaji mwenye kipara chenye viraka? Mimi nilijua dawa inabaki kichwani kwangu, basi. Ningejuaje?"

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Hata mtoto alikuwa hajazaliwa."

"Na daktari alipouliza?"

Kinanda akakisogeza kichupa kwenye ukingo wa sinki.

"Alikuuliza kwa Kiswahili, Baba Bonge. Alisema dawa ya kuotesha nywele. Ya maji. Ya upara. Alibakiza kutaja rangi ya kizibo."

"Aliniuliza mbele yako," alisema Kinanda, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikawa ndogo. "Ningeonekanaje? Wewe ulijua zimeota zenyewe."

Mama Bonge alifunga bomba. Alimtazama mwanamume huyu aliyekuwa amesimama na matone yanamtiririka shingoni, na hakuweza kuamini kwamba hilo ndilo jibu lote, kwamba nyuma yake hakukuwa na jingine kubwa zaidi. Alikuwa amemwonea haya yeye. Yeye aliyemwona akitapika, aliyemfulia nguo za ndani, aliyezaa damu ikamwagika mbele yake.

"Na nilipunguza," Kinanda akaendelea haraka, akidhani anajitetea. "Tangu siku ile ya hospitali napaka asubuhi tu. Jioni nimeacha kabisa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Sikujua. Nilihisi."

"Ulihisi, ukapunguza. Hukuacha. Ukaniangalia natupa mafuta yangu jalalani. Ukamshuhudia akichomwa sindano mpaka mguuni."

"Wewe mwenyewe fikiria. Keshokutwa picha ingepigwa, ingetoka safi, kila mtu angejua mtoto ni mzima, tungefurahi. Mimi ningetafuta namna ya kuacha polepole. Ilikuwa imebaki siku mbili tu."

"Wangemchoma dawa ya usingizi."

"Wanawachoma watoto kila siku."

Mama Bonge alinyoosha mkono kukichukua kichupa. Kinanda aliruka. Hakuna aliyewahi kumwona akiruka hivyo, hata siku Bonge alipobingirika kutoka kitandani. Alikidaka kichupa kwa mikono miwili, akakikumbatia kifuani, kisha akajiona anachofanya, na uso wake ukabadilika. Mkewe alingoja na mkono umenyooka mpaka Kinanda mwenyewe akakiweka kiganjani pake.

"Vaa shati," alisema. "Twende hospitali."

"Leo nina shughuli ya kampuni saa saba."

"Vaa shati, Kinanda."

Hakuwa amemwita hivyo tangu walipooana. Kinanda akavaa.

Mlangoni walikutana na mama mkwe, aliyekuja kuuliza kwa nini mjukuu wake amechelewa. Aliona mmoja anatoka na macho mekundu na mwingine hana sauti, akadhani mtoto amezidiwa, akafuatana nao. Njiani aliuliza mara mbili kuna nini. Mama Bonge alimjibu, "Mwanao atakwambia," na mwanawe akawa anatazama vibao vya maduka.

Daktari aliwapokea kati ya wagonjwa wawili, amesimama. Mama Bonge alikiweka kichupa mezani. Daktari alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Hii ni ya nani?"

 Mama Bonge alikuwa ameapa njia nzima kwamba hatajibu yeye. Alimgeukia mumewe, akamkazia macho.

Kinanda akakohoa, akaweka shati sawa. "Daktari, kwanza kabisa nianze kwa kukushukuru wewe binafsi na wenzako wote kwa namna ambavyo..."

"Sema," alisema mkewe.

"Ni yangu."

"Unaitumia tangu lini?"

"Mwaka na zaidi."

"Na mtoto anagusa kichwa chako?"

"Huwa ninambeba mabegani." Akameza mate. "Analalia. Wakati mwingine analamba."

Daktari hakupandisha sauti, lakini maneno yake yalitoka yamebana. Alisema dawa ile inaitwa minoksidili, na kabla haijawa dawa ya nywele ilikuwa dawa ya presha, ya kumeza. Ikiingia kwenye ngozi laini ya mtoto, au mdomoni, inaotesha nywele mwili mzima, na inaweza pia kushusha presha na kuukimbiza moyo. Alisema Alhamisi wangemlaza mtoto huyu kwa dawa ya usingizi huku ana dawa ya presha mwilini ambayo hakuna mtu chumbani humo angejua kwamba anayo. Kisha akamuuliza Kinanda kama anaelewa alichoambiwa. Kinanda akaitikia kwa kichwa. Daktari akasema anataka kusikia sauti yake.

"Naelewa," alisema Kinanda.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba wa nepi mapajani. "Kwa hiyo si maziwa?" aliuliza.

"Maziwa gani?" Daktari akageuka. "Mtoto si ananyonya?"

 Daktari aliwaangalia mmoja mmoja, akafika kwa Mama Bonge, akasoma pale pale yaliyotokea. Mama mkwe akaanza kufunga na kufungua zipu ya mkoba.

Bonge alilazwa kitandani, akapimwa moyo na presha kwa kitambaa kidogo cha mkononi. Moyo ulikuwa salama. Daktari alifuta picha ya Alhamisi. Alisema atamwona tena baada ya wiki mbili, kwamba asiguse tena dawa hiyo wala mto wala taulo ya anayeitumia, na nywele zitapukutika zenyewe katika miezi michache, hakuna haja ya kumnyoa wala kumpaka kitu. Hakuna uvimbe. Mtoto ni mzima.

Mama Bonge alisikia neno mzima, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amengoja neno hilo kwa wiki nyingi na alidhani likija atafurahi. Furaha ilikuwapo, lakini ilikuwa chini kabisa, na juu yake hasira imejaa pomoni.

"Daktari," alisema, "maziwa yangu yalikauka mwezi uliopita. Yanaweza kurudi?"

Daktari alivuta kiti akakaa mbele yake. Alisema kwa wengine hurudi, mtoto akiwekwa kifuani mara nyingi, usiku na mchana, na mama akipata kupumzika. Kwa wengine huja kidogo tu. Na wengine hayarudi kabisa. Alisema hataki kumdanganya.

"Nitajaribu," alisema Mama Bonge. Akaona aibu kulia mbele ya watu hawa, akainamisha uso kwenye kichwa cha mwanawe.

 Ndipo Kinanda alipokohoa tena.

"Daktari, samahani kidogo," alisema. "Nikiwa navaa kofia, je, ninaweza kuendelea kuitumia? Maana wanasema ukiiacha, zote zilizoota zinaanguka."

 Daktari alimtazama Mama Bonge, na mama mkwe naye akaacha zipu.

Mama Bonge aliinua kichwa. Machozi yalikuwa yamekauka. Akachukua kichupa pale mezani, akamfuata mumewe, akakitia kwenye mfuko wa shati lake, juu ya moyo, akapigapiga mfuko ukae vizuri.

"Endelea," alisema. "Paka asubuhi, paka jioni, ukipenda paka mpaka kwenye nyusi. Kofia huhitaji. Nyumbani hakutakuwa na mtoto."

"Mama Bonge, haya si ya kusema mbele za watu."

 Mama Bonge alimvisha mtoto nguo, bila kofia na bila mikono mirefu, uso wake wa manyoya nje kila mtu auone. Mama mkwe alisimama. Aliushika mkoba wa nepi kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa inatafuta pa kuanzia.

"Mkwe wangu," alisema mwishowe, "twende kwangu. Upumzike. Mtoto nitakusaidia."

Mama Bonge alinyoosha mkono, akauchukua mkoba, akautundika begani.

"Kwako siendi, mama. Nakwenda kwa dada yangu. Wewe baki na mwanao, mkamtafutie kofia."

Akamweka mtoto vizuri kiunoni, akawapita wote wawili, akatoka.